Rangi zilizojificha kwenye kompyuta za zamani: uanze na mashine ipi?

Mara ya kwanza nilipochora mistari ya wima kwa CGA, ile kadi ya picha ya IBM PC, nyeusi na nyeupe tu, na kuipeleka kwenye TV ya chogo kwa ule waya wa njano tuliozoea kuuchomeka kwenye deki, mistari haikuonekana. Skrini nzima ilikuwa bluu. Nikaisogeza mistari pikseli moja kulia, bluu ikageuka rangi nyingine. Nikaisogeza tena, ikageuka tena. Hatua ya nne, bluu ikarudi. Kwenye programu yangu hapakuwa na rangi hata moja. Palikuwa na sifuri na moja.

Tangu siku hiyo sijaacha kuzisaka rangi za namna hii, zile ambazo kitabu cha mashine hakikuziahidi. Vijana wanaotaka kuingia kwenye jambo hili huniuliza swali moja: nianze na kompyuta gani? Basi hapa naziweka pamoja IBM PC yenye CGA, Commodore 64, Atari ST na Amiga, na ZX Spectrum kwa ufupi. Sitazipima kwa idadi ya rangi peke yake, maana idadi hudanganya. Kwa kila moja nitauliza rangi ya ziada imetoka wapi, na nani ameilipia. Kwenye mashine moja unalipa kwa ukali wa picha, kwenye nyingine prosesa ndiyo inayolipa, na iko ambayo yanalipa macho yako. Ukishajua uko tayari kutoa nini, uchaguzi unakuwa mwepesi.

Kabla ya kompyuta, itazame TV

Wengi hulifikia jambo hili mwisho, pesa zikiwa zimeshatoka. Televisheni za Afrika Mashariki zilijengwa kwa mfumo wa PAL: picha mara 50 kwa sekunde, na wimbi la rangi (linalobeba rangi kwenye waya) la 4.43 MHz. CGA ni mtoto wa Marekani, inazungumza NTSC: mara 60 kwa sekunde, na wimbi la 3.58 MHz. Ukiichomeka kwenye TV inayojua PAL peke yake, utapata picha ya kijivu, pengine inayopanda na kushuka bila kutulia. Kadi haina kosa. Fungua menyu ya TV, utafute palipoandikwa COLOUR SYSTEM. Ukiona NTSC 3.58 kwenye orodha, kama ilivyo kwa TV za mifumo mingi zilizoingia kwetu kupitia Dubai, uko salama. Ukiona PAL pekee, CGA utaifurahia kwenye emuleta tu, yaani programu inayoiga mashine ya zamani.

Commodore, Spectrum, Atari na Amiga zilizouzwa Uingereza au Ujerumani ni za PAL, na umeme wake ni wa huko, unaokaribiana na wetu. IBM PC ya soko la Marekani imejengwa kwa volti 120. Ichomeke kwenye ukuta wa Dar es Salaam au Mombasa bila transfoma ya kushusha umeme, na hutaiwasha mara ya pili.

Kisha tundu la video. Commodore 64 inatoa video ya rangi kwenye tundu la duara la nyuma, na waya wake unatengenezeka kwa fundi yeyote anayejua kulehemu. Amiga 500 ina tundu moja la njano linalokufanya utabasamu, lakini kinachotoka pale ni picha ya kijivu. Rangi zake zinapita kwenye tundu la RGB (nyekundu, kijani na bluu, kila moja kwa waya wake), au kwenye kisanduku cha ziada cha A520. Amiga 600 na 1200 ndizo zinazotoa rangi kwa waya wa njano moja kwa moja. Atari 520ST ya kwanza ilitoa RGB peke yake. Kama TV yako haina tundu la SCART, lile pana linalopokea RGB, hesabu na gharama ya kigeuzi kabla hujakubaliana bei ya mashine.

CGA: rangi inayozaliwa ndani ya TV

Kadi hii ilitoka mwaka 1981 pamoja na IBM PC ya kwanza. Ina kumbukumbu ya KB 16. Ukiitumia kama IBM walivyokusudia, inakupa pikseli 320 kwa 200 zenye rangi nne, na hizo nne zimeshapangwa: samawati, majenta na nyeupe juu ya rangi ya nyuma unayoichagua, au kijani, nyekundu na kahawia. Ukitaka pikseli 640 kwa upana, unabaki na rangi mbili. Walioicheza michezo ya zama zile kwenye monita ya RGB waliondoka wakiamini kadi hii haina uzuri wowote, na siwalaumu.

Sasa fuata hesabu. CGA inatoa pikseli kwa kasi ya 14.318 MHz. Wimbi la rangi la NTSC ni 3.58 MHz. Gawanya: unapata nne kamili. Kwa hiyo katika ule upana wa 640, pikseli nne zinajaza wimbi moja la rangi. TV haiwezi kujua kwamba weusi na weupe unaopishana kwenye waya ni mchoro. Kwake, chochote kinachopanda na kushuka kwa kasi ile ni rangi. Panga pikseli nne kwa kila namna inayowezekana, utapata mipangilio 16, na TV itaisoma kuwa rangi 16. Kijivu kinajitokeza mara mbili, kwa hiyo zilizo tofauti ni 15. Prosesa haitumii hata mpigo mmoja wa ziada, na picha inakaa kwenye baiti zilezile 16,000. Unacholipa ni ukali: upana wa 640 unashuka hadi kama 160, na maandishi madogo yanavaa pindo za rangi.

Apple II ya mwaka 1977 ilitangulia kwa njia hiihii, ikatoa rangi nne mwanzoni, sita kwenye matoleo yaliyofuata, kwenye pikseli 280 kwa 192. Kuna jambo moja linaloifanya CGA ipendeze zaidi kwa jicho langu. Mstari wake mmoja una pikseli 912 ukihesabu na sehemu zisizoonekana, yaani mawimbi 228 ya rangi bila nusu juu yake. Kwa hiyo rangi inaanzia palepale kwenye kila mstari na inasimama wima bila kuyumba. NTSC ya kawaida ina mawimbi 227 na nusu, ndiyo maana TV flati zenye vichujio vya kisasa wakati mwingine huisoma CGA vibaya. Chogo haina shida hiyo.

Utakwama mahali pamoja, kila mtu hukwama hapo: ukiita hali ya 640 kupitia BIOS (programu ya msingi ya kompyuta), kadi inazima ishara ya rangi, nawe utakaa na kijivu ukidhani umekosea hesabu. Andika 1A ya heksadesimali kwenye mlango 3D8. Rangi zitafunguka.

Wengi waliishia hapo kwa zaidi ya miaka 30. Kisha mwaka 2015, kwenye Revision, mkutano wa watengenezaji wa maonyesho ya kompyuta mjini Saarbrücken, Ujerumani, vikundi vya Hornet, CRTC na DESiRE vilileta onyesho la 8088 MPH likiendeshwa na IBM PC ya 4.77 MHz, likashinda shindano la mashine za kale. Ndani yake mlikuwa na picha za rangi 1,024. Kwa kadi ileile ya mwaka 1981.

Njia yao nimeirudia mara nyingi nikiwaeleza watu, na bado inanisisimua. Waliacha kabisa hali ya michoro wakaingia hali ya maandishi, ile ya herufi 80 kwa mstari. Huko kila herufi ina rangi yake ya mbele na ya nyuma, 16 kwa 16, yaani michanganyiko 256. Wakaibana kila safu ya herufi ibaki mistari miwili tu ya skrini. Ukitazama kilele cha herufi U utaona vidoti viwili vimewaka, viwili vimezimika, viwili vimewaka, viwili vimezimika: mpangilio wa pikseli nne, sawa na ule wa mistari yangu ya mwanzo. Alama ya mishangao miwili, namba 13 ya heksadesimali, ina mpangilio huohuo uliosogea pikseli moja. Herufi mbili mara 256 ni 512. Kisha wakaongeza zile alama mbili za vumbi, hafifu na ya wastani. Hizi mistari yake miwili ya juu haifanani, kwa hiyo ilibidi kuidanganya chipu ya 6845, inayopanga mistari ya picha ya CGA, irudie mstari wa kwanza wa herufi kila mara. Hapo ndipo 1,024. Na kwa kuwa rangi za CGA zenyewe zinasafiri kwenye waya kama mawimbi, kila mchanganyiko unazaa wimbi jipya ambalo halimo kwenye orodha ya IBM.

Bei yake ni kubwa. Picha ni kama vigae 80 kwa 100. Kazi ya kuurudia mstari wa kwanza inataka prosesa ihesabu kila mpigo wa saa, na kompyuta za kuigiza IBM, hata zinazoendesha programu zote nyingine, hushindwa hapo. Tena IBM walibadilisha sehemu ya video ya kadi miaka ya baadaye, kwa hiyo kadi ya mwanzo na kadi ya baadaye hazitoi rangi zilezile kwa mpangilio uleule. Picha uliyoipika kwa moja itatoka na ngozi za watu za kijani kwenye nyingine.

Kwa mwenye monita ya RGB, ambako ujanja wa wimbi haufanyi kazi, ipo njia ya tatu nyepesi. Ingia hali ya maandishi ya 80, bana safu hadi mistari miwili, jaza skrini kwa herufi namba 222, ile iliyojaa nusu ya kulia peke yake. Rangi ya nyuma inakuwa pikseli ya kushoto, ya mbele inakuwa ya kulia. Unapata 160 kwa 100, rangi zote 16, kila pikseli huru. Zima kupepesa kwa herufi, la sivyo rangi za nyuma zitabaki nane. Na uwe tayari kwa theluji: kwenye kadi halisi ya IBM, kila prosesa inapogusa kumbukumbu wakati picha inachorwa, chenga nyeupe hutokea skrini nzima.

Commodore 64: kumkimbiza mwale

Hapa hali ni kinyume. C64 ya mwaka 1982 ina rangi 16 tangu inawaka, na ni rangi tulivu, nzuri, za udongo na kutu. Shida yake ni ujirani. Kwenye hali ya pikseli nene, 160 kwa 200, kila kisanduku cha pikseli nne kwa nane kinaruhusiwa rangi nne, na mojawapo ni ya nyuma inayoshirikiwa na skrini nzima. Unachora uso, unafika kwenye kona ya jicho, unahitaji rangi ya tano, huna.

Chipu ya VIC-II husoma rangi za visanduku mara moja kwa kila mistari minane. Mbinu ya FLI inailazimisha isome upya kila mstari: unabadilisha rejista ya kusogeza picha kwa wakati uleule ambao mwale wa elektroni unaochora picha kwenye TV unaanza mstari, na chipu inaamini kwamba safu mpya imeanza. Sasa rangi mbili kati ya zile nne zinabadilika kila mstari. Picha inakula KB 16 nzima pamoja na KB 1 ya rangi, na prosesa inabaki na mipigo 23 kati ya 63 ya mstari, ambayo yote inakwenda kwenye udanganyifu wenyewe. Muziki unaweza kupigwa picha ikiwa imesimama. Mchezo, sahau. Isitoshe, VIC-II inakataa kudanganywa kwenye visanduku vitatu vya kwanza kushoto, kwa hiyo kila picha ya FLI ina ukanda wa pikseli 24 uliopotea. Wachoraji wazuri huupanga mchoro wao ukanda huo usionekane kama jeraha.

Unaweza kwenda mbali zaidi na kupishanisha picha mbili za FLI, moja baada ya nyingine, moja ikiwa imesogea pikseli moja nyembamba. Jicho linazichanganya, na rangi 16 zinazaa michanganyiko 136. Sasa macho ndiyo yanayolipa. Kwenye PAL kila picha inarudi mara 25 kwa sekunde, na rangi mbili zenye mwanga tofauti zinapepesa kama taa ya mshumaa kwenye upepo. Chagua jozi zenye mwanga unaokaribiana na kupepesa kutapungua sana. Kama nyumbani kuna mtu mwenye kifafa kinachoamshwa na mwanga, usiiwashe mbele yake.

Na hapa ndipo TV yetu ya PAL inaturudishia tulichonyimwa na CGA. Chogo ya PAL huchanganya rangi ya mstari mmoja na ya mstari uliotangulia ili kusahihisha makosa ya njiani. Weka mstari mmoja wa zambarau na unaofuata wa rangi nyingine yenye mwanga uleule, na TV itakupa rangi ya tatu iliyotulia kabisa, bila kupepesa, bila prosesa kufanya lolote. Kwenye emuleta ya VICE washa uigaji wa PAL uione; bila hivyo utaona mistari mitupu. Kwa moyo wangu hii ndiyo rangi ya bure iliyo safi kuliko zote, ingawa haitaji namba kubwa ya kujivunia.

Onyo la pesa: ile adapta nzito ya umeme ya C64 ya zamani, iliyomiminiwa gundi ngumu ndani, ikiharibika hupandisha volti na kuua chipu za kumbukumbu. Usiiamini hata kama inawaka. Nunua mpya.

Atari ST na Amiga, uso kwa uso

Hizi mbili zilitoka mwaka uleule, 1985, zikiwa na prosesa ileile ya 68000, na ndiyo maana zinafaa kuwekwa pamoja. Zote kwa kawaida zinaonyesha rangi chache kutoka kwenye ghala kubwa: ST 16 kutoka 512, Amiga 32 kutoka 4,096. Swali ni namna ya kulimwaga ghala lote kwenye skrini moja.

ST haina msaidizi. Programu ya Spectrum 512, iliyotengenezwa na Trio Engineering na kutolewa na Antic mwaka 1987, iliamua kwamba prosesa yenyewe itabadilisha paleti (orodha ya rangi 16 zinazotumika) mwale ukiwa njiani, mara tatu ndani ya kila mstari. Tatu mara 16 ni rangi 48 kwa mstari, kwenye mistari 199. Hesabu ya faili inakuonyesha kazi ilivyo: baiti 32,000 za picha, na nyingine 19,104 za paleti tupu, jumla 51,104. Matokeo ni mazuri kweli, ngozi na mawingu yanapita kwa ulaini ambao mmiliki wa ST hakuuzoea. Lakini prosesa inafungwa pingu mistari yote 199. Kwenye PAL fremu ina mistari 313, kwa hiyo inabaki na ile ya juu na ya chini tu kupumua. Na rangi fulani inaweza kutumika sehemu fulani tu ya mstari, kutegemea mwale umefika wapi, jambo linalofanya kuchora kwa mkono kuwa mateso. Acha programu igeuze picha.

Amiga ilijibu swali hilohilo ndani ya chipu. Hali ya HAM inatumia biti sita kwa pikseli. Mbili zinasema nini kifanyike, nne ni thamani. Ama unachukua moja ya rangi 16 za paleti, au unaishika rangi ya pikseli iliyo kushoto kwako na kubadilisha sehemu moja tu: nyekundu, au kijani, au bluu. Basi. Rangi 4,096 zinaweza kukaa pamoja, na ukishaweka picha kwenye kumbukumbu, chipu inaionyesha yenyewe milele wakati wewe unanywa chai. Jay Miner, aliyeongoza ubunifu wa chipu hizo, alikwisha kutaka HAM iondolewe. Ikabaki kwa sababu kuiondoa kungeacha shimo kwenye mpangilio wa chipu. Namshukuru aliyelikataa shimo hilo.

Anayelipa kwenye HAM ni jirani. Kutoka nyeusi hadi nyeupe unaweza kuhitaji pikseli tatu, kwa hiyo kwenye kingo kali unaona ukungu wa rangi, kama wino uliolowa. Ukisogeza kitu katikati ya picha, kila pikseli iliyo kulia kwake inayotegemea jirani inabadilika nayo, hadi ifike rangi ya paleti. Ndiyo maana michezo iliikwepa HAM na picha za kuchukuliwa kwa kamera zikaipenda. Picha kamili ya PAL, 320 kwa 256, inakula baiti 61,440, si haba kwa mashine iliyoanza na KB 256.

Kwa vitu vinavyosogea Amiga ina njia mbili nyingine ambazo nadhani hazisifiwi inavyostahili. Ya kwanza ni nusu-mwanga: biti ya sita inachukua rangi 32 za paleti na kuzipa kila moja kivuli chake, unapata 64. Vivuli vya majengo na vya mawingu vinakuja bila jasho. (Amiga 1000 za mwanzo kabisa hazina hali hii.) Ya pili ni kopa, kichakataji kidogo kinachofuata mwale na kubadilisha rejista kikifika mahali ulipokiambia. Kazi ambayo kwenye ST inamfunga prosesa mwenyewe, hapa inafanywa na mtumishi. Lakini naye ana mwendo wake: kila badiliko linachukua muda wa pikseli nane, hivyo katikati ya mstari hawezi kubadilisha paleti yote. Anga linaloanza na rangi ya chungwa na kuishia na bluu ya usiku, mstari kwa mstari, ni kazi ya kopa ya dakika kumi. Jaribu hiyo kwanza.

Nikitakiwa kuchagua kati ya hizi mbili kwa matokeo, nachukua Amiga bila kusita. Lakini kama unataka kuelewa mwale ulivyo, ST inakufundisha zaidi kwa sababu haikusaidii chochote.

Ukinunua Amiga halisi, ifungue siku hiyohiyo. A500 Plus na A2000 zina betri iliyolehemiwa kwenye ubao ambayo huvuja na kuula shaba. A600 na A1200 zina kapasita ndogo zinazovuja vilevile. Anayekataa uifungue kabla ya kulipa, achana naye.

Spectrum, kwa haraka

ZX Spectrum ya mwaka 1982 ina rangi 15 na kisanduku cha nane kwa nane chenye rangi mbili tu, ndiyo maana picha zake zina rangi zinazogongana. Dawa ni ileile ya kukimbiza mwale: unaandika upya sifa za rangi kila mstari, ukipata kisanduku cha nane kwa moja. Prosesa yake, Z80, ina mipigo 224 tu kwa mstari kwenye modeli ya 48K, kwa hiyo kwa kawaida sehemu tu ya upana wa skrini inafaidika. Toleo la 128K lina skrini ya pili, na kuzipishanisha kunaleta rangi za mchanganyiko kwa bei ileile ya kupepesa. Naipenda mashine hii kwa mengine. Kwa rangi, C64 inakupa zaidi kwa jasho lilelile.

Kwa hiyo, wewe uanze wapi?

Una chogo ya PAL yenye tundu la AV na pesa ya kuagiza mashine moja: chukua C64 ya PAL. Itawaka, itaonekana, na ile rangi ya mistari miwili utaipata kwenye TV uliyonayo, jambo ambalo hata mwenye monita ghali hapati. FLI itafuata ukishazoea.

Unachotaka ni kuziona picha zako za familia kwenye mashine ya zamani zikiwa na sura inayotambulika: Amiga na HAM, hakuna mjadala. Deluxe Paint IV ya mwaka 1991 inakuruhusu hata kuchora humo kwa mkono.

Unataka kutengeneza mchezo: Amiga tena, kwa kopa na nusu-mwanga, au ile 160 kwa 100 ya CGA kama moyo wako uko kwenye PC. Usijenge mchezo juu ya FLI wala Spectrum 512. Nimeona watu wazuri wakipoteza mwaka mzima hapo.

Una kompyuta ya mapajani tu, kama wengi wetu: usinunue chochote bado. Emuleta ya Atari ST iitwayo Hatari inakuja na EmuTOS, mfumo huru, kwa hiyo ST haikudai leseni. VICE inakuja tayari. Amiga inataka ROM ya Kickstart (programu ya kuiwasha), ambayo inauzwa kihalali. Ukianza na emuleta ya FS-UAE, ROM huru ya AROS iliyomo itakufikisha sehemu ya njia. Kwa CGA, DOSBox ya kawaida yenye mpangilio wa machine=cga inatosha kabisa kwa zile rangi 16 za wimbi. Zile 1,024 haiwezi; hizo tumia MartyPC, inayoiga mipigo ya IBM PC kwa uaminifu mkubwa.

Na katika zote, CGA kwenye DOSBox ndiyo ningempa mtu wa kwanza kabisa kuanza, hata kama ndoto yake ni Amiga, kwa sababu unaweza kuifanya kwa penseli. Chukua karatasi ya miraba, andika mipangilio yote 16 ya pikseli nne, kutoka 0000 hadi 1111. Andika programu fupi inayojaza skrini kwa vipande 16 vya wima, kila kimoja na mpangilio wake, kisha kaa mbele ya skrini uandike jina la rangi kando ya kila mpangilio: bluu, damu ya mzee, kijani cha majani machanga, kijivu, kijivu tena. Karatasi yangu ya kwanza bado ninayo. Kando ya 1010 nimeandika alama ya kuuliza, kwa sababu sikuelewa kwa nini inafanana na 0101, na ilinichukua siku mbili kugundua kwamba weusi na weupe ule unapishana kwa kasi maradufu ya wimbi la rangi, kwa hiyo TV haioni rangi yoyote ndani yake.